Fedha za shule: zilizopakiwa Hazina na zilizoshushwa darasani

Kila mwaka ufikapo mwezi Juni, wafanyabiashara wa mipakani hukaa karibu na redio. Huo ndio mwezi ambao mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania husoma bajeti zao, na kila mtu husikiliza kilicho chake. Mwenye lori anasubiri habari za dizeli, mwagizaji wa bidhaa anasubiri viwango vya forodha, na muuza vinywaji anataka kujua kama bia imepanda tena. Likifika fungu la elimu, wengi huagiza chai nyingine. Waziri anataja mabilioni, wabunge wanapiga meza, kisha habari inahamia kwingine.

Makala haya yanahusu fungu hilo. Kodi inayolijaza ni ile ile inayolipwa Malaba, Namanga, Mutukula na Tunduma, na watoto wa madereva, mautingo na wachuuzi ndio wanaokaa katika shule zinazotajwa. Swali ni fupi: serikali ikiongeza fedha za elimu, je, elimu inaongezeka? Jibu lake limetafutwa kwa takriban miaka 30 sasa katika nchi zetu hizi hizi. Walioanza kulitafuta kwa namba walikuwa Uganda, na waliyoyakuta yalishangaza hata waliotumwa kuyatafuta.

Uganda: shehena iliyopungua njiani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uganda ilikuwa inajijenga upya baada ya miaka mingi ya vita. Serikali iliongeza sana matumizi katika elimu ya msingi. Ajabu ni kwamba takwimu rasmi zilionyesha idadi ya wanafunzi haiongezeki. Fedha zinapanda, watoto hawapandi. Mwaka 1996 ukafanyika uchunguzi wa kufuatilia fedha hizo, ambao matokeo yake yalichambuliwa na wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson. Walichukua miaka ya 1991 hadi 1995, wakaenda katika shule 250 za msingi zilizokuwamo katika wilaya 18, wakalinganisha vitabu vya Hazina na vitabu vya shule.

Msafirishaji ataielewa kazi hiyo bila kueleweshwa. Ni kama kuchukua hati ya mzigo iliyoandikwa bandarini na kuiweka kando ya hati iliyosainiwa na mpokeaji. Magunia yaliyopakiwa ni 600. Yaliyoshushwa ni mangapi?

Mzigo wenyewe ulikuwa ruzuku ya uendeshaji, yaani fedha za chaki, madaftari, vitabu na matengenezo, zisizo za mishahara. Kiwango kilikuwa kimewekwa na serikali kuu: Sh. 2,500 za Uganda kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu, na Sh. 4,000 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Fedha zilitoka Kampala, zikapitia ofisi za wilaya, na ndipo zilitakiwa kwenda shuleni. Uchunguzi ulikuta kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa, zilizofika shuleni zilikuwa 13 kwa wastani. Shule nyingi hazikupata kitu kabisa. Shule ziliendelea kuwa wazi kwa sababu wazazi walichanga, na michango yao ilikuwa zaidi ya nusu ya fedha zilizoendesha shule hizo.

Hapa inafaa tuwe waangalifu, kwa maana namba hii ya 13 imerudiwa mno, wakati mwingine kwa kutiwa chumvi. Haikuwa asilimia 13 ya bajeti yote ya elimu. Sehemu kubwa ya bajeti ya elimu ni mishahara, na mishahara iliwafikia walimu kwa kiwango kikubwa. Wala haina maana kwamba shilingi 87 zote ziliingia mifukoni mwa watu. Ofisi za wilaya zilikuwa na njaa ya fedha, na ruzuku za shule zilitumika kuendesha shughuli nyingine za utawala na za siasa za wilayani. Kwa mwalimu mkuu aliyekosa chaki, tofauti hiyo haikuwa na uzito.

Lakini tazama vizuri jambo hilo la mishahara. Fedha zimetoka Hazina moja na zimepitia serikali ile ile. Kwa nini mshahara ufike na ruzuku isifike? Mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani na unatakiwa kufika lini. Ukipungua shilingi, atauliza. Ukichelewa mwezi, atapiga kelele. Ruzuku ya shule haikuwa na mtu wa kuipigia kelele, kwa sababu wazazi wengi, na hata baadhi ya walimu wakuu, hawakujua kwamba ipo. Watafiti waliona pia kwamba shule zenye wazazi wenye uwezo zilipata zaidi, kwa kuwa wazazi hao walijua kudai. Kwa hiyo fedha iliyokusudiwa kuwasaidia maskini ilikuwa inawafuata wenye nafuu.

Mzigo usio na mpokeaji anayejua idadi yake hupungua njiani. Wenye magari ya mizigo hawahitaji mchumi kuwaambia hilo.

Namba zikatangazwa

Serikali ya Uganda ilichukua hatua ambayo gharama yake ilikuwa ndogo kuliko semina moja ya hotelini. Ilianza kutangaza katika magazeti, yakiwemo ya lugha za wenyeji, na katika redio, kiasi cha ruzuku kinachopelekwa katika kila wilaya kila mwezi. Baadaye shule nazo zikatakiwa kubandika ubaoni kiasi zilichopokea, mzazi yeyote akisome.

Uchunguzi uliorudiwa ulikuta kwamba mwaka 2001 zaidi ya shilingi 80 katika kila 100 zilifika. Reinikka na Svensson walikwenda mbele zaidi wakapima umbali kati ya shule na mahali gazeti linapouzwa. Shule zilizokuwa karibu na gazeti zilipona haraka kuliko zilizokuwa mbali.

Je, ni gazeti peke yake lililofanya kazi hiyo? Mtafiti Paul Hubbard aliandika mwaka 2007 kwamba sifa imezidishwa. Katika miaka hiyo hiyo Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada, ikabadili namna ya kupeleka fedha wilayani kwa masharti maalumu, na wafadhili wakaongeza macho. Mambo yote hayo yalitokea kwa pamoja, na ni vigumu kumpa mmoja nyara yote. Kwa maoni ya mwandishi, hoja hiyo ni ya haki, ila haifuti ile tofauti ya shule za karibu na za mbali na gazeti.

Mfano wa pili uko Zambia, ukivuka tu Tunduma. Huko mwaka 2002 ulifanyika ufuatiliaji kama ule wa Uganda. Zambia ilikuwa na aina mbili za fedha za shule. Aina ya kwanza ilikuwa na kanuni moja rahisi: kila shule inapata kiasi kile kile kilichotangazwa, iwe kubwa au ndogo. Aina ya pili iligawiwa kwa hiari ya maofisa wa mkoa na wilaya. Zile za kanuni zilifika kwa zaidi ya asilimia 90. Zile za hiari zilipatikana katika shule chache, chini ya moja katika kila tano. Nchi ni moja, maofisa ni wale wale, mwaka ni ule ule. Kilichotofautiana ni kwamba katika fedha za kwanza mwalimu mkuu alijua haki yake kwa tarakimu.

Kufika ni jambo moja, kusoma ni jambo jingine

Tukiishia hapo msomaji atadhani dawa imepatikana: tangaza namba, fedha zifike, watoto wasome. Nusu ya pili ya hadithi ni ngumu zaidi, na ndiyo hotuba za bajeti huiruka.

Turudi Uganda mwaka 1997, ada ilipofutwa. Wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka takriban milioni 3.1 mwaka 1996 hadi takriban milioni 5.3 mwaka 1997. Kenya ilifuta ada mwaka 2003 na ikapeleka Sh. 1,020 za Kenya kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi, na mwaka 2002 ikaanza mpango mkubwa wa maendeleo ya elimu ya msingi, ikiahidi ruzuku yenye thamani ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika nchi zote tatu watoto walifurika. Kwa upande wa kuingiza watoto shuleni, fedha zilifanya kazi, na hilo lisidharauliwe. Msichana aliyekuwa anauza ndizi kituoni mwaka 2001 alikuwa darasani mwaka 2003.

Walipopimwa walichojifunza ndipo mashaka yalipoanza. Kuanzia mwaka 2010 mradi wa Uwezo uliwapima watoto majumbani katika nchi hizo tatu kwa maswali mepesi ya darasa la pili. Nchini Tanzania, takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kiswahili, si Kiingereza.

Sababu mojawapo imeonekana Busia, upande wa Kenya, mahali ambapo wasomaji wetu wengi wamelala kwenye foleni ya malori. Mwaka 1996 shirika moja lisilo la kiserikali lilianza kugawa vitabu vya kiada katika shule za Busia na Teso, na wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakapima matokeo. Shule zilizopewa vitabu zilichaguliwa kwa bahati nasibu ili zilinganishwe na zisizopewa. Vitabu vilifika. Hata hivyo wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa Busia ni lugha ya tatu, na viliandikwa kwa kufuata mtaala uliopangwa kwa ajili ya mtoto wa mjini. Ni kama kumpelekea mteja vipuri halisi, vya bei kubwa, vya gari ambalo hana. (Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 kwa kazi za namna hii.)

Sababu nyingine ni mwalimu. Wapimaji waliotembelea shule za nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, bila kutoa taarifa, walikuta kwamba katika nchi hizo kwa jumla zaidi ya walimu 4 katika kila 10 hawakuwa darasani wakati wa kipindi. Karibu nusu yao walikuwapo shuleni. Walikuwa ofisini au chini ya mwembe. Mtoto alipata chini ya saa tatu za kufundishwa kwa siku, karibu nusu ya zilizopangwa. Hapa mshahara umefika wote, hakuna aliyeiba, na bado nusu ya kilichonunuliwa hakikupatikana. Wenye magari watatambua hali hii: lori limelipiwa, dereva amelipwa, gari limeegeshwa.

Sababu ya tatu tunaibeba sisi wazazi. Watafiti wale wa Zambia waliona kwamba familia zilipojua mapema kuwa shule itapokea ruzuku, zilipunguza matumizi yao wenyewe ya elimu. Shule ikinunua madaftari, baba hanunui. Hana kosa, hata mfanyabiashara makini angefanya hivyo. Lakini madaftari ya mtoto yanabaki yale yale, na alama zake zinabaki pale pale. Kilichobadilika ni nani amelipa.

Jaribio lililojibu mengi kwa pamoja lilifanyika Tanzania mwaka 2013 na 2014 chini ya mpango ulioitwa KiuFunza, ulioendeshwa na shirika la Twaweza katika shule 350 za wilaya 10. Shule za kundi la kwanza zilipewa ruzuku ya Sh. 10,000 kwa kila mwanafunzi, ikapelekwa moja kwa moja. Katika kundi la pili hakuna ruzuku, ila mwalimu alilipwa bakshishi kwa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo aliyefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na kundi la nne halikupata kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuongeza alama, na kama kule Zambia, familia zilipunguza matumizi yao. Bakshishi peke yake ilileta matokeo ya kubabaisha. Vyote viwili kwa pamoja viliongeza alama kwa kiwango kilichoonekana wazi, zaidi ya kujumlisha athari ya kimoja kimoja. Mwalimu mwenye sababu ya kufundisha alitumia chaki iliyofika. Bila chaki sababu haikumfikisha mbali, na bila sababu chaki ilikaa kabatini.

Wapo wanaopinga kumlipa mwalimu kwa alama, wakisema atafundisha mtihani badala ya somo. Hofu hiyo ina msingi. Ila jaribio hili halikuhusu bakshishi tu; lilionyesha kwa nini serikali mbili zinaweza kutumia fedha sawa na kupata matokeo tofauti kabisa.

Na serikali kwa jumla

Yaliyoonekana shuleni yanaonekana pia katika mafungu mengine. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa katika orodha ya mishahara zaidi ya wafanyakazi hewa 10,000, na mwaka 2017 ikatangaza watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika vitabu vya bajeti fedha hizo zilikuwa zinahesabiwa kama huduma kwa wananchi. Mtu anayelinganisha nchi kwa kutazama fungu tu angesema Tanzania inatumia vizuri katika utumishi wa umma.

Wasafirishaji wana mfano wao wa karibu zaidi, ushuru wa mafuta kwa ajili ya barabara. Uganda ilipitisha sheria ya Mfuko wa Barabara mwaka 2008 ili fedha za matengenezo ziende moja kwa moja kwenye mfuko. Kwa miaka mingi baada ya hapo ziliendelea kupitia Hazina na kugawiwa kama fungu jingine lolote. Tuliyasema ya kanuni na hiari kule Zambia. Hapa ni yale yale, ila mashimo yake yanapimwa kwa springi zilizovunjika.

Jinsi ya kukagua mwenyewe

Tanzania nayo ilibadili njia mwaka 2016. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa hadi kidato cha nne, ruzuku ilianza kupelekwa kutoka Hazina moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, bila kupitia halmashauri. Ni sawa na kuondoa kituo kimoja cha kufaulishia mzigo, na kila anayefaulisha mizigo anajua hapo ndipo magunia hutoboka. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa Sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo Sh. 4,000 zilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Zilizobaki kwa shule zilikuwa Sh. 6,000.

Msomaji mwenye mtoto shuleni anaweza kuuliza idadi ya wanafunzi, akazidisha kwa kiwango, na akalinganisha na kilichobandikwa ubaoni. Kama hakuna kilichobandikwa, hapo pana swali la kwanza la kupeleka kwenye kamati ya shule. Swali la pili liwe la darasani: mtoto wa darasa la tatu apewe ukurasa wa kitabu cha darasa la pili, asome mbele ya mzazi. Dakika tano zinatosha.

Yapo pia maswali ya kumwuliza mbunge Juni ikifika. Zile dola 10 za mwaka 2002 zilikuwa karibu Sh. 10,000 wakati huo. Mwaka 2016 kiwango kilikuwa bado Sh. 10,000, na dola ilikuwa imevuka Sh. 2,100, kwa hiyo ruzuku haikufika hata dola 5. Hakuna aliyeipunguza kwa kalamu. Iliachwa tu, na bei zikafanya kazi yake. Shule ya wanafunzi 600, ikipokea Sh. 6,000 kwa kila mmoja bila senti kupotea njiani, inapata Sh. 3,600,000 kwa mwaka, yaani Sh. 300,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi za mitihani, matengenezo na vifaa vya ofisi. Mwenye lori na alinganishe na bei ya tairi moja jipya.